Kuingia programu teule ya uhandisi na biashara Marekani: mlango ni upi?

Kila inapofika Septemba, swali hunijia kwa sura ileile. Kijana yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, hesabu anaziweza, fizikia haimtishi, na shuleni ndiye aliyekuwa akishika hela za klabu. Anataka "ile programu ya honors ya uhandisi na biashara" na anaomba nimwelekeze namna ya kuingia. Namjibu kwa swali linalomkera: ipi?

Humkera kwa sababu anadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Kuna chuo ambako maneno hayo ni shahada mbili kamili kwa miaka minne. Kwingine ni shahada moja iliyosukwa kwa nyuzi mbili. Kwingine tena ni kozi chache zinazopachikwa juu ya shahada ya kawaida. Vipeperushi vyao vinafanana kama mapacha: wanafunzi wamezunguka ubao mweupe, na neno "ubunifu" limetapakaa kila ukurasa. Watu hupotea hapo, kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa insha.

Na neno lenyewe linazidisha ukungu. Sisi tukisikia "shahada ya heshima" tunamwona mstaafu mashuhuri akivishwa joho bila kufanya mtihani. Waliosoma kwenye mfumo wa Kiingereza wao wanafikiria daraja la ufaulu. Marekani honors ni jambo jingine kabisa. Ni kundi dogo ndani ya chuo, lenye mlango wake, madarasa yake ya watu wachache, washauri wake, na masharti yake ya kubaki ndani. Unaweza kudahiliwa chuoni na usidahiliwe kwenye kundi hilo. Humu nitaziita programu teule, tusije tukachanganya na joho la mstaafu.

Swali la kwanza la kuuliza programu yoyote ni hili: nikimaliza, nitatoka na karatasi gani?

Chuo Kikuu cha Pennsylvania (Penn), pale Philadelphia, wanayo programu ya Management and Technology, maarufu kama M&T, iliyoanza mwaka 1977. Anayehitimu anatoka na shahada mbili: ya uchumi kutoka Wharton, shule yao ya biashara, na nyingine kutoka shule ya uhandisi. Kundi la mwaka mmoja ni takribani watu hamsini na kidogo tu. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifungua yao mwaka 2017, wakaiita M.E.T. (Management, Entrepreneurship and Technology), na mantiki ni ileile: shahada moja kutoka chuo cha uhandisi, nyingine kutoka Haas, shule yao ya biashara, miaka minne. Lehigh, mjini Bethlehem katika jimbo la Pennsylvania, wana programu inayounganisha vyote viwili katika shahada moja tangu mwanzo, ambapo mwanafunzi anachagua upande wa uhandisi atakaozama na upande wa biashara atakaoujua vizuri. Ohio State wao wanachanganya watu: mhandisi anabaki mhandisi ila anachukua fani ndogo (minor) ya biashara, wa biashara anachukua fani ndogo ya sayansi za uhandisi, na wote wanasoma pamoja.

Halafu kuna aina ambayo wengi hawaijui, nami naipenda kuliko kelele zinazoizunguka aina ya kwanza. Chuo Kikuu cha Maryland wana QUEST, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huombi ukiwa sekondari. Unaingia chuoni kwanza, kwenye uhandisi au biashara au kompyuta na sayansi, kisha unaomba ukiwa tayari umo ndani. Ukikubaliwa, unawekwa kwenye timu za watu wa vitivo tofauti, na mwishoni mnapewa tatizo la kweli la kampuni ya kweli mlitatue. Georgia Tech wana programu kama hiyo iitwayo Denning, Illinois wana iitwayo Hoeft. Zote mbili zinakupa fani ndogo na zote mbili zinaombwa ukishakuwa mwanafunzi wao.

Kwa hiyo kuna mlango wa mbele na kuna mlango wa uani. Anayeutaka mlango wa mbele anahukumiwa kwa aliyoyafanya akiwa na miaka kumi na saba. Wa uani anahukumiwa kwa alama za muhula wa kwanza au wa pili chuoni na kwa jinsi anavyofanya kazi na wenzake. Nimeona vijana waliolia kukosa ule wa mbele bila kujua kwamba chuo kilekile walichokubaliwa kina wa uani. Hata Penn yenyewe huwafikiria baadhi ya wanafunzi wake baada ya mwaka wa kwanza, ingawa nafasi hizo ni za kuhesabu.

Na kuna njia ya tatu isiyo na mlango wowote, nayo ni kusoma shahada mbili kivyako kwa kutimiza masharti ya vitivo viwili. Watu hupenda kumtaja Elon Musk kama mfano wa M&T. Hakupita huko. Alitoka Penn na shahada ya fizikia na ya uchumi, na wala hakuna ya uhandisi kati ya hizo mbili.

Tuje kwenye kudahiliwa kwenyewe, kwa mlango wa mbele.

Hesabu ndiyo chujio la kwanza, na halina huruma. Shule ya biashara inaweza kumvumilia mtu mwenye hesabu za wastani akiwa na mengine makubwa. Ya uhandisi haiwezi, kwa sababu muhula wa kwanza tu kalkulasi inamsubiri. Kwa wanaosoma Marekani, hiyo maana yake ni kufika kalkulasi kabla ya kumaliza sekondari, ikiwezekana ngazi ya BC, ile ya juu zaidi ya kalkulasi, katika mitihani ya AP (kozi za kiwango cha chuo zinazofundishwa sekondari), pamoja na fizikia ya kweli, ile yenye hesabu ndani yake. Kama shule yako haifundishi BC, hukumu haikuangukii wewe. Mshauri wa shule hutuma maelezo ya shule pamoja na maombi yako, na humo inaonekana kozi zipi zilikuwepo. Unapimwa kwa ulichochukua kati ya vilivyokuwa mezani. Ila kama BC ilikuwepo ukachagua kitu chepesi ili alama zing'ae, hilo nalo linaonekana.

Mitihani ya SAT na ACT, ile ya kitaifa ya kuombea vyuo, imekuwa fujo miaka hii, na ukikosea hapa unapoteza miezi. Vyuo vya mfumo wa University of California (UC), Berkeley ikiwemo, haviangalii kabisa alama hizo katika udahili. Ukiwa na 1590 kati ya 1600 za SAT wala hawataiona. Penn walizilegeza wakati wa korona, wakazirudisha kuwa lazima kuanzia msimu wa udahili wa 2025-2026. Kwa hiyo anayeomba M&T na M.E.T. kwa pamoja anajiandaa kwa mtihani ambao mmoja anaudai na mwingine hautaki hata kuusikia. Barua za walimu ni vivyo hivyo: Penn wanazisoma kwa makini, Berkeley kwa kawaida hawaziombi. Basi kule California mzigo wote unaegemea alama zako na maandishi yako: maswali manane, unachagua manne, kila jibu lisizidi maneno 350, pamoja na maandishi ya ziada ya programu yenyewe.

Hapo kwenye maandishi ndipo ninapotaka kukaa, maana ndipo watu wenye alama nzuri wanapofia.

Kosa ni moja, nami nimelisoma mara nyingi mno. Mwombaji anajigawa nusu kwa nusu. Aya ya kwanza: mimi ni mhandisi, nimejenga roboti. Aya ya pili: mimi ni mfanyabiashara, nimeuza fulana. Aya ya tatu: kwa hiyo nataka programu yenu inayounganisha vyote. Msomaji anamaliza akiwa na watu wawili mkononi, wote wa kawaida. Programu hizi hazitafuti jumla ya nusu mbili. Zinatafuta mtu aliyewahi kufika mahali ambapo uamuzi wa kifundi uligeuka kuwa uamuzi wa fedha, au kinyume chake, akalazimika kufikiri. Kwa miaka mingi M&T wamewauliza waombaji waziwazi jinsi watakavyoitumia programu kuchunguza biashara, uhandisi, na pale vinapokutana. Kwenye insha nyingi pale vinapokutana hupewa sentensi moja, na sentensi hiyo huwa inamsifu Steve Jobs.

Nikupe mfano. Kijana mmoja alinitumia rasimu iliyoanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya teknolojia na biashara, na naamini vitu hivi viwili vinaweza kuubadilisha ulimwengu." Nikamwambia aiweke kando, kisha nikamuuliza Jumamosi iliyopita alifanya nini. Akasema alikuwa anatengeneza baiskeli za wenzake, kama kawaida, ila si kitu cha kuandika chuoni.

Nikamwomba anieleze hata hivyo. Waya za breki ndizo zilizokuwa zikimletea wateja wengi. Anabadilisha waya, dakika arobaini, anachukua dola kumi na mbili, na baada ya miezi miwili baiskeli ileile inarudi na waya umekatika tena. Mwanzoni hakujali, hela zilikuwa zinaingia. Siku moja alikusanya nyaya zote zilizokatika akazipanga sakafuni, akaona zote zimekatika sehemu moja: pale zinapopinda kuingia kwenye kishikio. Akapitisha kidole kwenye tundu la kishikio, akahisi ukingo una makali. Akaupiga tupa, akatia grisi kidogo. Tatizo likaisha.

Likaisha kweli. Wateja wakaacha kurudi. Mapato ya mwezi uliofuata yalishuka karibu nusu, naye akakaa na daftari lake akijiuliza kama amefanya ujinga. Hatimaye akabadilisha anachouza. Badala ya kulipwa kwa kila waya, akaanza kutoza ada moja kwa mwaka mzima wa matunzo ya baiskeli. Sasa kila anachokitengeneza kikidumu, faida ni yake.

Hakujua kwamba amekwisha kuandika insha yake. Humo ndani mna uchunguzi wa kasoro wa kifundi, mna mgongano kati ya kazi nzuri na mapato, na mna mfumo mpya wa kutoza uliomaliza mgongano huo. Neno "shauku" halimo popote. Tulichofanya baada ya hapo ni kukata maneno na kuacha ule usiku wa daftari bila kuupamba. Alitaka kumalizia kwa kusema alijifunza umuhimu wa ubunifu. Nikamsihi aachane nalo.

Sisemi kila mtu atafute baiskeli. Nasema kila mtu ana mahali ambapo kitu kilichofanya kazi vizuri hakikulipa, au kilicholipa hakikufanya kazi. Ukiwa kwenye timu ya roboti, mashindano yenyewe yana washiriki maelfu kwa maelfu, na picha ya roboti yenu haitakutofautisha na yeyote. Lakini ile jioni mliyobishana kama mnunue mota ya bei au mbadilishe muundo ili ya bei rahisi itoshe, na nani alishinda, na kwa hesabu gani, hiyo ni yenu peke yenu.

Orodha ya shughuli nayo ina nidhamu yake. Fomu ya Common App, ile ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi, inakupa nafasi kumi za shughuli na herufi 150 tu za kueleza kila moja. Jaza namba, ondoa sifa. "Nilipunguza baiskeli zinazorudi kutoka tisa kwa mwezi hadi moja" inaingia kwenye nafasi hiyo na inamshinda "kiongozi mwenye maono". Na si lazima ujaze zote kumi. Sita zenye uzito ni bora kuliko kumi ambazo nne kati yake ni klabu ulizohudhuria mara mbili.

Kwa barua za walimu, kama chuo kinazitaka, mmoja awe wa hesabu au fizikia, na awe mwalimu aliyekuona ukikwama. Mwalimu ambaye ulipata A kwake bila jasho hana la kusimulia.

Sasa kuna mtego mmoja ambao familia nyingi hugundua kwa kuchelewa. Penn wana uamuzi wa mapema, tarehe 1 Novemba, na ni wa kufunga: ukikubaliwa unakwenda, unafuta maombi mengine yote. Anayeomba M&T anaruhusiwa pia kutaja shule moja ya kawaida ya Penn kama chaguo la pili, tuseme uhandisi peke yake. Wengi wanaiona kama bima ya bure. Si ya bure. Ukiomba kwa uamuzi wa mapema, M&T wakakukataa, lakini uhandisi wakakuchukua, umeshafungwa. Huwezi kusema ulikuwa unaitaka M&T tu. Katikati ya Desemba barua inakuja yenye habari njema na mbaya kwa pamoja, na mzazi ananipigia kuuliza kama kuna namna ya kusubiri Berkeley kwanza. Hakuna. Jiulize kabla ya kubonyeza kitufe: Penn bila M&T, ningeitaka kuliko vyote vingine? Kama jibu lina "labda" ndani yake, omba kwa msimu wa kawaida, Januari.

Berkeley hawana uamuzi wa mapema. Wote wanatuma ndani ya dirisha moja, mwisho wake kwa kawaida ni Novemba 30, na majibu yanatoka kuelekea mwisho wa Machi.

Texas nako kuna mkanganyiko wake. Sheria ya jimbo inawapa wahitimu wa juu kabisa wa kila sekondari nafasi ya moja kwa moja katika UT Austin, Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Watu wanasikia "moja kwa moja" wanalegeza mkanda. Nafasi hiyo ni ya kuingia chuoni. Haikupi kitivo cha uhandisi, haikupi cha biashara, wala haikupi programu teule yao ya biashara. Kila kimoja kati ya hivyo unakigombea upya.

Kwa anayetoka nje ya Marekani yapo mawili ya kuyajua mapema. La fedha kwanza. Penn wakikudahili hugharamia pengo lote la uwezo wa familia yako, tena kwa ruzuku na si mkopo, lakini kwa wasio wa Marekani, Canada na Mexico hali ya kifedha huangaliwa wakati wa kuamua kama wakuchukue. Na usipoomba msaada wakati wa kuingia, usitegemee kuja kuuomba mwaka wa pili. Berkeley ni chuo cha umma cha California: anayetoka nje analipa ada ya nyongeza ya wasio wakazi, na misaada mingi inayotegemea hali ya familia haimgusi. La pili ni la viza. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anaruhusiwa miezi 12 ya kazi baada ya kuhitimu, na shahada ya uhandisi inamwongezea miezi 24 juu yake. Shahada nyingi za biashara haziongezi kitu. Anayeshika mbili anaitumia ya uhandisi. Hili peke yake limewafanya watu kadhaa ninaowajua wasiache upande wa uhandisi pale ulipokuwa mgumu mwaka wa pili.

Na utakuwa mgumu. Wengine hukubaliwa, huingia, halafu hutoka kimyakimya na kubaki na shahada moja. Mwanafunzi wa kawaida wa Penn huchukua kozi nne au tano kwa muhula. Wa shahada mbili mara nyingi ni tano au sita, mwaka baada ya mwaka, na akishuka chini ya alama zinazotakiwa anapoteza nafasi yake. Nafasi ya kusoma kitu cha kufurahia tu, muziki au historia, inabana sana. Wenye ushauri tofauti watakwambia soma uhandisi kwa utulivu, fanya kazi miaka minne, kisha ukasome MBA, shahada ya uzamili ya biashara, ukiwa tayari unajua unachokitafuta. Mimi siwapingi. Kwa anayetaka kubuni vitu na hapendi kuvisimamia, naona ushauri wao ni bora kuliko M&T.

Njia nyepesi ya kujipima ni kufungua tovuti ya programu unayoitaka, kutafuta mfano wa ratiba ya miaka minne, na kwenda moja kwa moja muhula wa tatu. Usisome wa kwanza, wa kwanza kila mahali unavutia. Wa tatu utakuta labda milinganyo tofautishi, kozi ya saketi au ya vifaa pamoja na maabara yake, uhasibu, takwimu, na kozi ya programu yenyewe. Ichape, ibandike ukutani juu ya meza yako mwezi mzima wa Oktoba wakati unaandika insha. Yule wa baiskeli aliibandika. Baada ya wiki mbili akaniandikia kwamba saketi hazimvutii hata kidogo, anataka mekanika, na kwamba pale Lehigh ratiba ilimkaa vizuri kuliko ya Penn. Tukaanza upya na orodha ya vyuo, ikiwa imebaki siku kumi na moja kufika tarehe 1 Novemba.